Bondia wangu ana ngumi nzito lakini mikono yake inavunjika: aache, au kuna namna?

Kocha wa Ujiji (mwanzisha mada)

Wakuu salaam, na walionizidi umri shikamooni.

Nafundisha ngumi hapa Ujiji. Ukumbi hatuna, tunafanyia mazoezi uwanjani chini ya mwembe. Nina kijana wa kilo 66, miaka 23, mchana ni kuli pale mwalo wa Kibirizi, anapakia magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Jioni anakuja kwangu. Kijana huyu Mungu amempa ngumi. Nimewashikia pedi watu wengi na sijakutana na mkono wa kulia mzito kama wake. Mshikie raundi tatu, bega litakuuma mpaka kesho yake. Akikupata sawasawa, humalizi pambano.

Shida ni kwamba anayepigwa anaanguka na anayepiga naye anaumia. Alianza dole gumba la kushoto, likapona. Ukaja mgongo wa kiganja cha kulia, ukavimba, akapumzika, ukapona kwa kiasi chake. Siku hizi nimegundua anameza diklofenaki kabla ya kuja mazoezini ili asisikie maumivu, anadhani sijui.

Pambano la mwisho lilikuwa Tabora, wiki iliyopita. Raundi ya pili alirusha mkono wa kulia, mpinzani akainamisha kichwa, ngumi ikatua juu ya paji la uso. Mpinzani akakaa chini. Mwamuzi kahesabu, kafika nane, jamaa kainuka anayumba. Ukumbi mzima unapiga kelele "mmalize!" Mimi namwangalia kijana wangu anatoka kona ya mbali, mkono wa kulia kaubana kifuani, anapiga jebu tu, ngumi nyepesi ya mkono wa mbele. Raundi zote zilizobaki hakuurusha tena. Alishinda kwa pointi, kwa mkono mmoja.

Kwenye benchi la kubadilishia nguo nikakata plasta kwa mkasi, taratibu, maana alikuwa anatetemeka. Mgongo wa kiganja umejaa, mishipa haionekani. Kifundo cha kidole kidogo hakipo, kimezama ndani. Nikamwambia kunja ngumi nione. Kidole kidogo kikapanda juu ya chenzake.

Tangu turudi shangazi yake anamkanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Mtaani kila mtu ni mtaalamu: huyu anasema mifupa yake ni laini anywe maziwa, yule anasema apige ukuta ngumi zikomae, wengine wanasema kuna mtu kamfunga mkono. Mama yake anataka aache ngumi kabisa. Mratibu wa Tabora naye anapiga simu, anataka marudiano mwisho wa mwezi ujao, na safari hii pesa imeongezeka.

Naomba ushauri wa watu wanaoujua mchezo. Mtu mwenye ngumi kama hii na mikono kama hii anafika wapi?

---

Mnyamwezi wa Isevya

Kocha, shikamoo. Hilo pambano nililiona, nilikaa upande wa kona nyekundu. Kijana wako anapiga, hilo halina ubishi, ukumbi ule haujasikia mlio kama ule siku nyingi.

Nimekaa kona za mabondia hapa Tabora muda mrefu, kufunga mikono ndiyo kazi yangu. Nakwambia nilichokiona. Ngumi yake ya kulia inapofika mwisho, kiwiko kinatoka nje na mkono unaegemea upande wa kidole kidogo. Kwa hiyo mzigo wote unabebwa na vifundo viwili vya nje, vya kidole cha pete na kidogo. Mifupa iliyo nyuma ya vidole hivyo ni myembamba kama penseli. Kazi ya kupiga ni ya vifundo viwili vya ndani, cha shahada na cha kati, kwa sababu nyuma yake mfupa umenyooka moja kwa moja mpaka kwenye mkono. Bondia asiye na nguvu akipiga vibaya anaweza kucheza miaka kumi asivunjike kitu. Mwenye nguvu akipiga vibaya nguvu yote inamrudia yeye.

Hayo ya mifupa laini achana nayo. Na mwenye kusema apige ukuta, mwambie akaupige yeye kwanza.

Nina swali moja kabla sijaendelea: gunia lenu la mazoezi limejazwa nini?

---

Kocha wa Ujiji

Marahaba ndugu yangu, asante. Mchanga wa ziwani, tumeshindilia kwenye gunia la turubai.

---

Mnyamwezi wa Isevya

Basi nusu ya ugonjwa uko hapo.

Mchanga hautulii mahali pamoja. Ukining'iniza gunia, baada ya siku chache mchanga wote umeshuka, juu kumelegea, chini hapabonyei. Kijana anapiga sehemu ya chini kila jioni akidhani anajijenga, kumbe anaipasua mikono kidogo kidogo. Siku ya pambano inamalizia tu kazi ambayo gunia liliianza. Mwaga mchanga wote. Nenda kwa mafundi cherehani pale Mwanga, wanatupa vipande vya nguo kila siku, ongezea mitumba iliyochakaa. Kata vipande vidogo, weka tabaka, kanyaga, weka tabaka jingine. Gunia likiwa jepesi mno weka kifuko kidogo cha mchanga katikati kabisa, kizungukwe na nguo pande zote, ngumi isikifikie. Kila mwezi lishushe uligeuze.

Sasa kufunga mikono. Niliona mlivyomfunga siku ile, na nasema kwa heshima: mlifunga kifundo cha mkono vizuri, vidole mkaviacha hivi hivi. Mimi nafanya hivi. Kwanza anapanua vidole kabisa, kwa nguvu, kama anataka kushika mpira mkubwa. Ukifunga mkono uliolegea, akikunja ngumi bandeji inalegea pia. Nazungusha mkononi mara tatu, chini kidogo ya kifundo, nakuja juu. Halafu nakunja bandeji laini ya hospitali mara nyingi mpaka iwe mto wa upana wa vidole vinne, naulaza juu ya vifundo, si nyuma yake. Nazungusha juu ya mto bila kuvuta sana. Kisha napita katikati ya vidole, kila nafasi mara moja, narudi mkononi kila mara. Dole gumba nalifunga peke yake na kulivuta nyuma lisibaki linaning'inia, maana ndilo linaloshika kwenye kiwiko cha mpinzani. Mwisho namwambia kunja. Akikunja lazima aseme pamebana. Akifungua lazima aseme pako sawa. Akisema pamebana wakati kafungua, nafungua yote naanza upya, hata kama mwamuzi kasimama mlangoni.

Na plasta usipitishe juu ya vifundo, sheria za ngumi za kulipwa hazikubali na mkaguzi ataikata. Plasta inashika nyuma na kati ya vidole tu.

Glovu za mazoezi ana aunsi ngapi?

---

Kocha wa Ujiji

Kumi. Ndizo hizo hizo za wote, tunapeana.

---

Mnyamwezi wa Isevya

Za gunia na sparingi, yaani kupigana na mwenzake mazoezini, apate 16, au 14 ikishindikana. Kwa uzito wake siku ya pambano atavaa aunsi 8, na hizo hazina sponji ya kumhurumia mtu. Kwa hiyo mazoezini ndiko anakotakiwa kuulea mkono. Hizo kumi mnazopeana ukizibonyeza kwa kidole gumba utagusa upande wa pili, sina haja ya kuziona.

---

Tiba ya Viungo Kigoma

Shikamoo kocha. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa hapa Kigoma mjini, na nimesoma kisa chako nikashtuka. Naomba mambo mengine yasubiri kwanza.

Kidole kikipanda juu ya kingine wakati wa kukunja ngumi, maana yake mfupa umevunjika na kipande cha mbele kimezunguka. Huo hauponi kwa kukandwa. Ukiachwa utaungana ukiwa umepinda, na hapo hata kushika kamba ya gunia la dagaa itakuwa tabu maisha yake yote. Kifundo kuzama ni dalili kwamba shingo ya mfupa wa tano wa kiganja imekatika. Mpeleke akapigwe eksirei kesho asubuhi, usisubiri wiki iishe. Mwambie shangazi, kwa upendo, aache maji ya moto leo. Jeraha bichi likikandwa linavimba zaidi, na vipande vya mfupa vinasogea. Pale Kibirizi kuna barafu ya samaki: apate kidogo, aifunge kwenye kitambaa, aweke dakika 15 na kuinua mkono juu ya kifua.

Wakati mko huko, daktari pia amguse kwenye shimo linalotokea nyuma ya dole gumba ukilinyoosha. Chini ya hapo kuna kijifupa kidogo ambacho damu yake ni haba. Kikipata ufa, eksirei ya siku za mwanzo inaweza isiuonyeshe, ndiyo maana akiumia hapo tunafunga tu na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Mabondia wengi wanaambiwa "umeteguka tu", wanarudi ulingoni, na kile kijifupa hakiungi tena.

Kuhusu muda: mfupa wa kiganja ukiwekwa sawa unafungwa wiki tatu hadi nne hivi. Kupona kwa kushika kikombe na kupona kwa kupiga kichwa cha mtu ni vitu viwili. Gunia laini asiliguse kabla ya wiki nane, na ngumi ya nguvu zote zaidi ya hapo, mpaka daktari aridhike na picha. Mwisho wa mwezi ujao haiwezekani. Nasema wazi ili mratibu asije akakushawishi.

Na hiyo diklofenaki, kocha, mchukue mkae chini muongee. Maumivu ndiyo yanamwambia asimame. Akiyazima, hakuna wa kumwambia.

---

Mama Watatu

Mimi siyajui masumbwi. Naomba niulize tu, mkono ukiwa kwenye POP, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, nyumbani wanakula nini? Mama yake akisema aache mnamwona hajui, lakini yeye ndiye anayebaki naye baada ya shangwe za ukumbini. Kuli asiye na mkono hana siku ya kazi. Mratibu analipa kwa pambano, halipi kwa POP.

---

Mpenda Masumbwi

Kocha, umeuliza mtu wa aina hii anafika wapi. Swali hili limenikaa rohoni kwa sababu bondia ninayempenda kuliko wote ni wa aina hiyo hiyo.

Naoya Inoue wa Japani. Tarehe 30 Desemba 2014 alimpiga Omar Narváez, Mwargentina ambaye hakuwahi kuangushwa, akamwangusha mara nne ndani ya raundi mbili. Dunia nzima ikamjua. Mkono wake wa kulia ukaumia kwenye pambano hilo hilo, na hakurudi ulingoni mpaka Desemba 2015. Fikiria, kijana wa miaka 21, ametoka kuchukua mkanda wa uzito wa pili, halafu anakaa nje mwaka mzima. Mei 2016 mkono ukamsumbua tena dhidi ya David Carmona, ikabidi aende mpaka raundi ya 12. Hata Machi 2023 aliumia mkono mazoezini, pambano lake na Stephen Fulton likasogezwa kutoka Mei mpaka Julai. Alipomkuta Julai, alimsimamisha raundi ya nane.

Sasa angalia kilichobadilika. Nguvu hakuipunguza. Mwaka 2018 alimaliza Jamie McDonnell na Juan Carlos Payano wote raundi ya kwanza. Ila mtazame Juni 2021 kule Las Vegas dhidi ya Michael Dasmariñas: ngumi za kushoto za ini, raundi ya tatu kwisha. Mwilini hakuna mfupa wa paji la uso. Mtu anapiga magoti mwenyewe na mkono wako uko salama. Ukiniuliza mimi, kijana wako ana bahati, kwa sababu mwenye ngumi nzito ndiye anayefaidi zaidi kupiga mwili.

Wapo waliochukua njia nyingine. Floyd Mayweather, huyu mnayemjua kwa kukwepa, alianza akiwa mpigaji. Mei 2001, nyumbani kwao Grand Rapids, alimpiga Carlos Hernández, mkono ukauma mpaka akainama na glovu ikagusa sakafu, mwamuzi akahesabu kuwa ameanguka. Mwenyewe alijiangusha kwa maumivu ya ngumi yake! Alimaliza kazi na mapambano 50 bila kupoteza, lakini 27 tu ndiyo kwa KO, yaani kummaliza mpinzani kabla ya raundi kwisha, na miaka ya mwisho karibu yote ni pointi. Joe Calzaghe wa Wales naye, Septemba 2005 alivunja mkono wa kushoto akipigana na Evans Ashira, mzaliwa wa Kenya, akamaliza raundi 12 kwa mkono mmoja kama kijana wako. Watu walimcheka kwamba anapiga makofi, si ngumi. Alistaafu na ushindi 46, hakupoteza hata pambano moja.

Na kwa wanaosema mkono ukivunjika ndiyo mwisho: mwaka 1964 Buster Mathis ndiye aliyekuwa aende Olimpiki ya Tokyo kwa Marekani. Akaumia mkono, akapelekwa Joe Frazier badala yake. Frazier naye akavunja dole gumba la kushoto nusu fainali, akanyamaza, akapigana fainali nalo, akarudi na dhahabu. Mmoja mkono ulimnyima, mwingine akapita nao. Lakini Frazier alikuwa amebakiza pambano moja tu, si miaka kumi. Kijana wako asimwige kwa hilo.

---

Kocha wa Ujiji

Wakuu, nimesoma yote, mengine nimeyasoma zaidi ya mara moja.

Tulienda eksirei siku ile ile niliposoma ujumbe wa dada wa tiba. Ni kama alivyosema: mfupa wa tano, shingoni, na umezunguka. Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akauvuta na kuuweka sawa, akapiga picha ya pili kuhakikisha, kisha akafunga upande wa nje wa mkono. Kijifupa cha dole gumba nilikiulizia, akakibonyeza, hakuna maumivu, namshukuru Mungu. Shangazi ameelewa. Barafu inapatikana, wavuvi wamempa bure.

Mama Watatu, swali lako ndilo lililoninyima usingizi kuliko mengine. Nimezungumza na mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale mwaloni. Vidole vitatu vya ndani vimeachwa huru, kalamu anashika, kwa hiyo anamwandikia hesabu ya magunia yanayoshuka na yanayopanda gari. Pesa ni ndogo kuliko ya kubeba, ila ni ya kila siku. Nilikwenda kwa mama yake mwenyewe kumweleza. Hakukubali kuhusu ngumi na sikumlazimisha. Alisema mkono ukipona tutazungumza, na mimi nimelipokea hilo.

Mpenda Masumbwi, umenipa moyo, lakini naomba nikwambie kitu ambacho watu wa kuangalia mapambano makubwa hawakioni. Inoue alipokaa mwaka mzima alikuwa bingwa wa dunia, ana baba yake anayemfundisha na watu nyuma yake. Hiyo mikono ilikuwa na mahali pa kupumzikia. Bondia wa kwetu mwenye ngumi nzito hamalizwi na kuvunjika. Anamalizwa na kurudi mapema, kwa sababu mratibu anamtaka yeye hasa, mpigaji, watu wanalipa kiingilio kuona mtu akilala. Yule anayeshinda kwa pointi hapigiwi simu mara mbili. Kwa hiyo ile ngumi inayomtafutia pesa ndiyo inayomrudisha ulingoni na mkono mbichi. Nimewaona wa hivyo hapa Kigoma, walikuwa na vipaji kuliko niliowaona kwenye runinga, leo hawawezi kufunga kifungo cha shati.

Kuhusu mwili nakubaliana nawe kabisa. Tumeshaanza, mkono wa kushoto tu. Nimevaa mkanda wa kifua wa kukingia ngumi, yeye anaingia hatua moja, anashuka magoti, anapiga chini ya mbavu, anatoka upande. Kushuka kwake bado ni kwa mgongo, anainama badala ya kukunja magoti, na akifanya hivyo kwa mtu mjanja atakutana na apakati, ngumi ya kutoka chini kwenda kidevuni. Lakini miguu anayo, ya kubeba magunia. Nikimwambia "chini" anashuka. Kiwiko cha mkono wa kulia namfanyisha polepole bila kupiga kitu, mkono hewani, kiwiko kikae chini ya ngumi mpaka mwisho. Anachoka kwa hasira kuliko kwa kazi, maana amezoea kusikia mlio.

Mchanga nimemwaga. Mafundi wa Mwanga wamenipa viroba vya vipande vya vitambaa, vijana wanakata.

---

Mnyamwezi wa Isevya

Umefanya vizuri kocha. Nina jozi ya glovu za aunsi 16 hapa, zimetumika lakini sponji bado inarudi ukiibonyeza. Naweka pamoja na bandeji za mita nne na nusu, nampa mtu wa treni, uzipokee stesheni Kigoma. Usinirudishie.

Nikuulize, huyo mratibu umemwambia nini?

---

Kocha wa Ujiji

Mungu akubariki ndugu yangu. Zikifika nitakuandikia.

Mratibu nimempigia jana. Nilimwambia kijana hapigani mwisho wa mwezi ujao wala mwezi unaofuata, na picha ya eksirei nimemtumia kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama angeweza kupigana raundi nne tu, kwa kushoto. Nikamwambia hapana. Akasema tangazo limeshachapishwa na picha yake ipo. Nikamwambia abandike karatasi juu ya hiyo picha, na kama anatafuta mtu wa kilo 66 kutoka Kigoma ninaye mwingine, hana mlio wa kutisha, lakini anakwenda raundi nane na mikono yake yote miwili ni mizima. Amesema atanijibu Jumatatu.